Kibodi ya Manila

Juzi, hapa nyumbani kwangu Songea, mwanangu alikuwa anachapa kazi ya shule kwenye simu yangu, nami nikashindwa kukaa. Nilifagia uwanja ambao ulikwishafagiwa. Nikatoa sufuria kabatini, nikairudisha. Ukitaka kujua kilichoninyima utulivu, itabidi twende Lusewa, nilikolelewa na bibi yangu.

Shuleni kwetu tulifundishwa TEHAMA bila umeme na bila kompyuta hata moja. Mwalimu alichora kibodi kwenye karatasi ya manila, kila herufi mahali pake, akatuambia kila mmoja achore ya kwake. Yangu niliibandika mezani kwa uji mzito. Jioni bibi akikaa mkekani kuchambua majani ya tumbaku, harufu kali ikijaa nyumba nzima, mimi nagonga vidole juu ya karatasi. Bibi alizoea kusema, "Mjukuu wangu anaandika sana, ila sisi hatuoni cha kusoma." Tulikuwa tunacheka. Lakini mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka kugusa kitu chenyewe.

Nilipomaliza darasa la saba, shule moja ya Songea ilitangaza nafasi chache za kusoma bure, na sehemu ya mtihani ilikuwa kuchapa kwenye kompyuta. Mwalimu akaandikisha jina langu. Bibi akanifungia mihogo ya kuchemsha na dagaa wa Nyasa, tukapanda basi.

Ndani ya chumba cha mtihani, kila mtoto alikaa mbele ya mashine yake. Msimamizi akasema, "Washeni, muanze." Wenzangu wakanyoosha mikono, vioo vikawaka. Mimi nikatafuta pa kuwashia. Kwenye manila hapakuwapo. Niliona haya kuuliza, nikaanza kuchapa hivyo hivyo, uso wangu nikiuona kwenye kioo cheusi. Nilichapa aya nzima, na naamini sikukosea herufi.

Msichana wa kushoto kwangu, mwenye sweta la shule ya mjini, aliacha kazi yake akanitazama.

"Bado hujaiwasha," akanong'ona. Akainama, akabonyeza kitufe kwenye kasha lililokuwa chini ya meza. Mashine ikaunguruma, na msimamizi akageuka.

"Wewe, unamwonyesha nini mwenzako?"

"Namwashia tu, mwalimu."

"Kusanya vitu vyako, utoke."

Msichana alinitazama, akingoja niseme neno. Nililijua neno lenyewe, lilikuwa limeshafika mdomoni. Niliogopa nisije nikatolewa na mimi. Nikashusha macho, nikaanza upya. Vitufe vilizama chini ya vidole vyangu, jambo nisilolitegemea, lakini herufi zote nilizikuta pale pale alipozichora mwalimu.

Nilipotoka nilimtafuta uwanjani, nikamtafuta hadi getini. Alikuwa ameshaondoka.

"Umeweza?" bibi akaniuliza.

"Nimeweza, bibi."

Njia nzima ya kurudi aliimba kwa sauti ya chini, na habari ya yule msichana sikumwambia.

Nafasi niliipata. Nilisoma, nikapata kazi, nikaolewa hapa hapa mjini. Bibi ametangulia mbele ya haki, meza yake sijui aliichukua nani. Mwalimu alihamishwa, na Lusewa siku hizi naambiwa watoto wanawasha kompyuta wenyewe. Hayo yote nayakumbuka kwa majina na sura, na nikiyalilia najua ninachokililia.

Yule msichana hata jina sikumwuliza. Nikiwa sokoni au stendi, nikiona mwanamke wa rika langu, humkazia macho kuliko adabu inavyoruhusu. Mwezi uliopita mmoja alisimama, kikapu mkononi, akaniuliza, "Dada, tunafahamiana?"

Nikajibu hapana, nikapita haraka. Nilifika nyumbani nikiwa bado sijui kama nilisema kweli.