Mursik Si Chakula

Mimi ni nesi, na mdomo wangu ni mkali. Kila siku naambia wagonjwa wa kamera ya tumbo, ile inayopitishwa kooni: kuanzia jioni usile, usinywe, hata chai. Anayekuja ameshiba namrudisha nyumbani, kwa sababu ukipewa dawa ya kulala na tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda kiingie kwenye mapafu.

Mwaka jana mama yangu alianza kukonda. Alisema ugali unamkwama kifuani. Huku kwetu tumezika wengi walioanza hivyo, kwa hiyo niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikampigia simu huko Kimulot, nikamwambia asile kitu, aje asubuhi. Basi. Mgeni ningemweleza mara tatu. Mganga hajigangi, wala mamake.

Alifika mapema na sweta yake ya kanisa. Nikamuuliza kama amekula, akasema hajala. Nilikuwa nishampima presha nilipoona alama ya kijivu juu ya mdomo wake. Ala! Mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa.

Akakubali bila haya: kikombe kimoja tu, kile kikubwa. Mursik si chakula, akanifundisha. Chakula ni ugali. Nami nimelelewa nyumba hiyo hiyo, nilijua vizuri kwamba kwetu mtu anaweza kumaliza kibuyu na bado aseme hajaonja kitu tangu jana.

Kamera ikaahirishwa wiki nzima. Nilimfokea pale koridoni mbele ya watu, Mungu anisamehe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi, halafu akanishika mkono.

"Nilikunywa kwa sababu ndiyo kitu pekee bado inapita," akasema. "Ugali niliacha miezi miwili sasa. Sikutaka ulie kazini."

Nikalia kazini.

Nikaomba likizo, nikaenda kukaa naye. Siku ya kufunga nilificha kibuyu, nikafunga pamoja naye, tukanuniana kwa njaa kama watoto. Kamera ikaonyesha koo limebanwa na kovu la kidonda cha zamani. Wakakata kipande kidogo, wakapima: si ile saratani tuliyoogopa. Koo likapanuliwa.

Jumapili moja baadaye akasonga ugali mwenyewe. Akamega tonge, akameza. Mimi sikula, nilikuwa naangalia shingo yake. Akaniambia niache kumkodolea macho, ugali unapoa, kisha akamega lingine.