Mtungi wa Mafuriko na Mfereji wa Ndegwa

Mchana jua likiwaka, nilikuwa nimekaa kwenye beseni ndani ya nyumba yangu ya mabati, Mukuru kwa Njenga. Kilichonitoka kilikuwa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Misuli ya miguu ilijikunja nikapiga mayowe. Mke wangu alinifinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama.

Kabla ya mvua mimi ndiye niliyekuwa nacheka.

Mimi ni kibarua wa kiwanda, Industrial Area. Jirani yetu Mama Halima, mwenye duka la mchele, alitukusanya kila Jumapili. Alisema kila nyumba iweke mtungi mmoja wa maji yaliyotiwa dawa, ufungwe, usiguswe mpaka mafuriko. Maana mabomba yetu hupita ndani ya mtaro wa maji taka.

"Mama Halima, wewe ni Nuhu? Safina iko wapi?" nikamwuliza.

"Cheka tu, Baba Mwende. Lakini mtungi jaza."

Nilijaza. Kisha mifereji ikakauka siku mbili, nikaufungua mtungi nikafulia ovaroli ya kazi. Pale getini mwa kiwanda huchaguliwa kibarua aliyetakata.

Mafuriko yakaja. Mama Halima alipita na firimbi nyumba hadi nyumba, maji yakimfika kiunoni, akatupandisha wote barabarani. Hakuna aliyezama kwenye laini yetu ya nyumba. Hata mmoja.

Maji yalipopungua alimwendea Ndegwa, anayetuuzia maji, sote tukisikia. "Bomba lako limepasuka ndani ya mtaro. Funga."

"Maji ni maji, mama. Nenda ukapime mchele."

Ndegwa akafungua mfereji. Mimi na jirani yangu Otieno, mitungi yetu mitupu, tukateka, tukanywa.

Nilipoanza kuhara niliacha kunywa chochote, nikidhani tumbo litakauka. Mama Halima aliingia, akapiga magoti kwenye uchafu wangu bila kuziba pua. Akachanganya lita moja ya maji ya mtungi wake, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. "Kunywa! Ukitapika, kunywa tena." Alininywesha hivyo mpaka mkokoteni ukanifikisha hospitali.

"Kipindupindu," daktari alisema, akinitia dripu. "Aliyekunywesha ndiye aliyekuokoa."

Otieno alikuwa akiishi peke yake, mkewe yuko kwao kijijini. Walivunja mlango wakamkuta amekufa.

Mimi nimepona, nimerudi kazini. Mama Halima, Mungu akuweke. Wenzangu, mtungi wa mafuriko si wa kufulia, na ukihara, kunywa huku ukikimbilia hospitali. Kosa langu nimelisema.

Sasa wewe Ndegwa. Uliambiwa mbele ya watu. Mfereji uliufungua kwa nini? Mjane wa Otieno amefika kutoka kwao, ameketi dukani kwa Mama Halima. Njoo umjibu.