Etangi Niliyoitia Chumvi

Makayabu, yaani samaki mkavu wa chumvi, ikilowekwa kwenye beseni, harufu yake haiombi ruhusa. Inapita chini ya mlango, inaingia kwenye mapazia, inamfuata mtu hadi kitandani. Watoto wangu hukunja pua na kuuliza nani amekufa humu ndani. Mimi huinama juu ya beseni, nachovya kidole, nalamba yale maji ya chumvi, halafu najifanya natafuta kifuniko cha sufuria ili wasinione usoni. Sijawahi kuwaeleza sababu. Nyinyi nitawaeleza, maana hamtanicheka mezani.

Nilikuwa na miaka tisa, na kwetu kulikuwa Bulengera, pembeni mwa mji wa Butembo, pale barabara inapoacha maduka na kuanza kushuka kwenye mashamba. Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, wakati nchi imekatika vipande: sisi upande wa waasi, Kinshasa upande mwingine, na katikati hapapiti barua wala mshahara. Mwalimu Mavungu alikwama upande wetu. Serikali ilimtuma kabla ya vita kutoka Moanda, kule mwisho kabisa ambako Kongo inagusa bahari, naye alimwahidi mama yake kwamba ni miaka miwili tu. Nilipoingia darasani kwake, ulikuwa mwaka wake wa sita.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mukaka, yaani bibi yangu mzaa baba, hakuingoja hiyo ya tatu. Wazazi walimlipa mwalimu maharagi na viazi walivyoweza, lakini Mukaka alimpa jembe na kipande cha shamba kando ya etangi, lile bwawa la samaki ambalo babu alilichimba kabla hajafariki. Mukaka alikuwa mfupi, mdomo mkali, na hakumwamini mtu mwenye kucha safi. Mwalimu alipomaliza mistari yake ya kwanza ya maharagi, imepindapinda kama njia ya mlevi, Mukaka alikaa chini akacheka hadi akashika mbavu. Tangu siku hiyo alimwita mwanangu.

Kila Jumapili baada ya misa mwalimu alikuja kwenye etangi akiwa na makoti mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu baridi ya Butembo hakuizoea hata siku moja. Mfukoni alikuwa na uzi wa nailoni na ndoano tatu za kwao, amezitunza ndani ya kisanduku cha kiberiti, zimepakwa mawese zisishike kutu. Etangi yenyewe ilikuwa na hatua thelathini kwa ishirini, na tilapia wake hawakuzidi kiganja. Pembeni kulikuwa na jiwe moja kubwa ambalo Mama alifulia nguo. Juu ya jiwe hilo Mwalimu Mavungu alitufundisha, mimi na binamu yangu Kambale, kuvua samaki wa baharini.

Hakutufundisha kwa mzaha. Alitufundisha kana kwamba kesho yake tungeamkia Moanda. Kabla ya kukanyaga jiwe, alisema, kaa mbali kwanza utazame maji kwa muda wa makumi mawili ya rozari, kwa sababu mawimbi yanakuja kwa makundi: madogo yanakudanganya, na lile kubwa linakuja ukishazoea. Basi tulikaa kwenye majani tukayatazama maji ya Mukaka, ambayo yalikuwa yamelala kabisa, na chura mmoja katikati. Mwamba mkavu na mweupe ndio wa kusimamia. Ule mweusi wenye utelezi bahari huwa inaufikia, hata kama leo huioni. Usiende peke yako. Na usiyape maji mgongo, hata ukiitwa jina lako. Kambale alijisahau mara moja, akageuka kumfukuza nzi, na mwalimu akamrudisha nyuma kwa ukosi wa shati.

Ndoano nayo ilikuwa na sheria zake. Fundo lilowe mate kabla hujalikaza, la sivyo uzi unajikata wenyewe. Jiwe la kuzamisha ulifunge kwa uzi dhaifu, ili likinasa kati ya miamba upoteze jiwe na ubaki na ndoano. Usirushe mbali kwa kujionyesha. Rusha pale povu jeupe linapotulia, maana samaki wanangoja hapo chakula kinachobanduliwa na wimbi. Ukishika mkubwa, usimnyanyue kwa uzi. Ngoja wimbi limpandishe lenyewe juu ya mwamba, halafu wimbi likirudi kwao, wewe rudi kwenu na samaki wako. Na saa nzuri ya kuvua ni pale bahari inapoanza kurudi, kwa sababu bahari hutembea, mara mbili kila siku, inaenda na kurudi.

Kambale aliuliza inaendaga wapi. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema yeye mwenyewe hajui, mama yake ndiye alijua, maana mama yake alikuwa akiifuata kwa miguu asubuhi kuokota kome kwenye miamba. Mukaka, ambaye alikuwa akipalilia pale juu, alipaza sauti bila kuinua kichwa:

"Maji haina miguu. Ule mutu anadanganya batoto."

Mwalimu alicheka. Lakini niliona alivyoishika ile ndoano muda mrefu bila kuirusha. Nilimpenda sana, niseme ukweli. Alikuwa mtu mzima wa kwanza aliyeniuliza swali kisha akangoja jibu.

Mukaka naye alikuwa na mpango wake. Alitaka kumpa lile shamba moja kwa moja, na alikuwa ameshamuona msichana mmoja, mshonaji, mpole, wa familia ya kusali. Jumapili moja nilikuwa nimekaa karibu nao, nachambua maharagi, wakasahau kwamba nina masikio.

"Mavungu, jenga hapa," Mukaka alisema. "Barabara ya kwenu imefungwa. Benye kuenda, hapana mutu anaona banarudia."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaani kwetu walikuwa wameondoka wanaume wawili kwenda kutafuta njia ya Kinshasa, na hakuna aliyejua walikofikia. Mwalimu aliukunja uzi wake polepole kwenye kijiti.

"Mama, kama hapa ingekuwa na bahari, hata kidogo tu, ningebakia."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata habari niliyokuwa naitafuta. Maji tulikuwa nayo. Jiwe tulikuwa nalo. Kilichokosekana kilikuwa chini ya kitanda cha mama yangu.

Mama aliuza chumvi sokoni, kwa kikombe. Ilitoka njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, ndani ya magunia, na miaka ile, na vizuizi vya askari kila mahali, ilikuwa kitu cha kufungia mlango. Nilianza na kopo moja la maziwa lililojaa chumvi, nimelificha ndani ya sketi. Nikamwaga, nikangoja, nikaonja: maji matupu. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Ile etangi ilikunywa chumvi ya Mama kama mtu aliyetoka shamba. Hapo ndipo niliona maji yanatoka kupitia mfereji mdogo upande wa chini na chumvi yangu inaondoka nayo, nikauziba kwa udongo na vipande vya mgomba. Na badala ya kuitia kila mahali, nikaanza kuimwaga penye kona moja tu, kando ya jiwe, pale miguu ya mwalimu ilipokuwa ikikaa.

Walionichongea ni mbuzi. Siku ya kumi hivi mbuzi wa Mukaka walikataa majani. Walikwenda wote kwenye etangi, wakapiga magoti kando ya jiwe kama waumini, wakalamba tope. Mbuzi wa jirani wakaja. Ukingo ukaanza kubomoka. Mukaka alishuka na fimbo kuwafukuza, akalamba kidole chake mwenyewe, na akapanda moja kwa moja hadi nyumbani kumuuliza Mama gunia lake linasimama vipi.

Nilipigwa, na nilistahili. Mama alinipiga huku akilia, maana ile chumvi ndiyo ilikuwa inatulisha. Alipouliza mara ya nne kwa nini, nikasema: "Ili Mwalimu abakie." Mkono wake ukasimama. Akamtuma Kambale kumwita mwalimu.

Alikuja na yale makoti yake mawili. Mukaka alimuonyesha tu etangi kwa kidevu. Mwalimu alitazama maji kwanza, akiwa mbali, kama alivyotufundisha, na akaona yamepanda hadi nusu ya jiwe kwa sababu ya ule mfereji nilioziba. Akavua viatu. Akapiga magoti pale walipokuwa mbuzi, akachota kwa kiganja, akaonja. Kisha akachota tena, akajipaka usoni, machoni, kwenye midomo. Alisema maneno ya lugha ya kwao ambayo hatukuyajua. Baadaye alimgeukia Mama na kusema kwa Kiswahili chake kibaya: "Huyu mutoto, hapana piga tena. Pardon, mama. Hapana piga." Akapanda juu ya jiwe akakaa pale, bila uzi, bila ndoano, hadi kengele ya parokia ilipolia.

Mimi nililala kwa tumbo, miguu inawaka moto, na furaha tele. Nilijua nimeshinda.

Siku tisa baadaye aliondoka na lori la kahawa kuelekea Kasindi. Angepita Uganda, alisema, kisha angezunguka, Mungu angemuonyesha. Asubuhi alikuja kuaga, na mimi nikajificha jikoni nyuma ya kuni. Mama aliniita, sikutoka. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Mwalimu alikuja hadi kwenye ukuta wa mbao, nikaona kivuli chake kwenye nyufa.

"Kavira," alisema. "Ule mufereji ungali umefungwa. Samaki banakosa hewa. Uende ufungue."

Alingoja jibu, kama kawaida yake. Sikumpa. Lori lilipiga honi, akaenda. Niliufungua mfereji jioni ile kwa mikono yangu, maji yakashuka, na sikumlilia, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba ni mwongo.

Kwa miaka mingi niliilaumu vita, kisha nikamlaumu mama yake na kome wake. Nilikuwa mwanamke mzima, na mtoto mgongoni, Mukaka aliponiambia yaliyobaki. Alikuwa mgonjwa, tumekaa juani, namkata kucha. Akauliza kama nakumbuka miti iliyokuwa imerundikwa nyuma ya jiko mwaka ule. Nilikumbuka, tuliipasua kuwa kuni. Akasema ilikuwa miti ya nyumba ya Mavungu. Alikuwa ameshakubali kubaki. Wiki nzima kabla ya wale mbuzi alikuwa amekuja, amelipokea shamba, na Mukaka ameshakwenda kwa wazazi wa yule mshonaji. Walikuwa wanangoja Pasaka kututangazia.

"Ile siku ya chumvi, jioni, alikuja kwangu," Mukaka alisema. "Akaniambia: Mama, nilikuwa nimeanza kusahau. Basi."

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba gunia lile, na akanipa mkono wa pili niendelee na kucha.

Barua haikuja kamwe, hata nchi ilipoungana na posta ikafunguliwa. Nimewauliza watu waliofika Moanda. Wanasema ni mji wa watu wengi. Kila Novemba parokia inatugawia karatasi tuandike majina ya marehemu wetu, yasomwe kwenye misa. Babu namwandika, Mukaka namwandika, Mama namwandika. Nikifika hapo nanyanyua kalamu, nakaa nayo, na wenzangu wa benchi wanaanza kunitazama. Mavungu simwandiki. Naikunja karatasi naipeleka kwenye kikapu. Halafu, wakati wa kuwaombea wazima, wanapotuambia kila mmoja ataje moyoni watu wake walio safarini, namtaja wa kwanza kabisa, kabla ya watoto wangu mwenyewe, na sijui kama ni haki yangu.