Msichana wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Pale Teyateyaneng, nyumbani kwa akina Mohapi, neno lililomkera ’Mapalesa kuliko baridi ya Julai lilikuwa fupi tu, nalo ni hilo hilo: "tu". Jirani akija kuomba mtu wa kumsaidia kuchambua maharage, mama mkwe wake, Bi ’Mathabang, alijibu bila hata kugeuka:

"Mchukue mkwe wangu huyo. Hana kazi, anasoma tu."

Anasoma tu! Mtu yuko mezani tangu asubuhi, blanketi begani, macho yamemwiva, karatasi zimetapakaa hadi sahani hazina pa kukaa, halafu anaambiwa anasoma tu. Jamani!

Kusoma alikuwa anasoma, ila kwa ujira. Mkataba wake wa maktaba ulipokwisha, ’Mapalesa hakutaka kuzunguka ofisi za Maseru na bahasha kwapani. Alijifundisha kutengeneza faharasa, zile kurasa za mwisho wa kitabu ambako unatafuta jina la mtu ukaambiwa ametajwa ukurasa gani. Aliwaandikia wachapishaji mpaka akachoka, akajibiwa na mmoja, mhariri anayeitwa Lineo, mwanamke asiyepoteza maneno. Lineo akampa kitabu cha Mwalimu Ralitapole, mzee mstaafu, juu ya wanawake waliochimba barabara za milimani miaka ile waume zao walipokuwa migodini.

"Jumatatu asubuhi niwe nayo," Lineo alisema. "Ikinipendeza, vipo vitabu vingine vinasubiri. Ikichelewa au ikiwa na makosa, dada yangu, tusilaumiane. Nitarudi kutumia kompyuta."

Kwa hiyo ’Mapalesa alijua kabisa amesimama wapi. Faharasa hii moja ndiyo ingemwambia kama amepata kazi ya maisha au amejidanganya.

Jumamosi mchana alikuwa amemaliza. Kilichobaki ni kusoma majina kwa sauti, ayapime kwa sikio. Bi ’Mathabang alikuwa kando ya jiko anamenya boga. Yeye mwenyewe alibeba mawe kwenye barabara hizo, ingawa hakuwa mtu wa kulisema, labda siku goti likimuuma.

"Phamotse, Limakatso, ukurasa wa kumi na nne," ’Mapalesa alisoma. Akaendelea na wengine, akafika: "Sekete, ’Malerato, themanini na nane hadi tisini na tatu..."

"Mbona huyo unamtaja mara mbili?"

"Nani, Mama?"

"Limakatso. Si ndiye huyo huyo ’Malerato? Limakatso ni jina la kwao. Kwa akina Sekete tulimkuta anaitwa ’Malerato. Sasa ulitaka tumwiteje, msichana wa watu?"

’Mapalesa akaiweka kalamu chini. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wa msichana wa shule aliyewabwaga wavulana wa wilaya nzima kwenye hesabu. Mwalimu aliandika kwa masikitiko kwamba alimtafuta sana na hakupata kujua ameishia wapi. Ukurasa wa themanini na nane ulikuwa wa msimamizi wa wachimbaji. Mhandisi alipokunja michoro yake akasema barabara haiwezi kupita pale mlimani Lekhalong, mwanamke huyo alichukua kamba na ndoo ya maji, akapima mteremko, akasema inapita hapa.

Na ’Mapalesa ndiye wa kukosa kuliona jambo hilo, yeye! Kwao aliitwa Nyakallo Tsolo. Siku alipovishwa blanketi ukweni ndipo alipopewa jina la mama wa Palesa, na Palesa mwenyewe hajazaliwa mpaka leo. Jina hilo ameliitikia hadi akasahau kwamba kila mke wa mtu mle kitabuni ana jina jingine aliloliacha kwao. Aibu ilimpanda, ikafuatwa na furaha kubwa.

Akampigia Mwalimu. Akamweleza yote.

"Mwanangu," Mwalimu alisema, "huyo msichana nimemtafuta miaka na miaka. Usije ukanifurahisha bure. Mama mkwe wako anasema, sawa. Watu husema. Kuna nini zaidi?"

’Mapalesa akampigia Lineo kuomba siku moja zaidi. Lineo akasema, "Jumatatu ni Jumatatu," akakata.

"Wanataka ushahidi," ’Mapalesa alimwambia mama mkwe.

"Ushahidi!" Bi ’Mathabang alitupa ganda la boga kwenye beseni. "Mwenyewe amelala kule juu, na jiwe lake limeandikwa. Kesho tukitoka kanisani uvae viatu vya maana, si hivyo vyako vya mjini."

Jumapili wakapanda mlima. Bi ’Mathabang alichechemea njia nzima na hakukubali kushikwa mkono. Walipofika kwenye kona ya Lekhalong akasimama, akaipiga barabara kwa kisigino.

"Ni hapa. Mhandisi alisema hapapitiki. ’Malerato akamwambia, ‘Baba, mimi ni Limakatso wa Phamotse, hesabu haijawahi kunikatalia. Kaa pale ukanywe maji.’"

"Akakaa?"

"Angefanyaje? Alikuwa hoi." Bi ’Mathabang akacheka, kisha akaonyesha ukuta wa mawe ulioshikilia kona. "Na haya niliyabeba mimi. Goti hili lilianzia hapa. Lakini malori yanapita, unayaona? Yanapita kila siku!"

Tangu aolewe, ’Mapalesa hakuwahi kumsikia mama huyu akijisifu. Akatamani barabara iwe ndefu zaidi.

Kaburini, jiwe lilisema ’Malerato Sekete. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizoanza kuota kuvu: Limakatso, aliyezaliwa kwa Phamotse. ’Mapalesa akapiga picha, akamtumia Mwalimu. Simu ikalia kabla hajaitia mfukoni.

"Kumbe ndiye!" Mwalimu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe nilishampata, nikamwandika kurasa nzima nisimjue! Mwanangu, ule mstari wa masikitiko naufuta sasa hivi. Weka! Weka kama ulivyoona!"

Jumatatu asubuhi, Lineo hajamaliza chai yake, faharasa ilikuwa imefika. Ndani yake palikuwa na haya:

*Phamotse, Limakatso: tazama Sekete, ’Malerato*

*Sekete, ’Malerato (kwao Limakatso Phamotse): awashinda wavulana hesabu, 14, aingia uchimbaji, 61, apima barabara ya Lekhalong, 88–93, afundisha wasichana hesabu, 120, azikwa, 201*

Jibu la Lineo lilikuwa la mstari mmoja: "Nimekutumia kingine, hiki ni kinene." ’Mapalesa aliusoma huku amesimama, akaketi, akausoma tena. Moyo ulimjaa.

Kitabu kilipotoka, Bi ’Mathabang alikinyakua akakifungulia nyuma. Akashuka na kidole hadi kwenye M, akajikuta: *Mohapi, ’Mathabang, 92 (picha)*. Akafungua huko. Alikuwemo, msichana mbichi, jiwe kichwani, anacheka. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Nilikuwa na meno yote," akasema. Kisha: "Na wewe uko ukurasa gani?"

"Mimi simo, Mama. Mtengenezaji wa faharasa hatajwi."

"Humo? Watu wote hawa umewatafutia mahali, wewe mwenyewe humo? Lete kalamu!"

Akainama juu ya meza, ulimi nje, akaandika pembeni, chini kidogo ya jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema: *Mohapi, ’Mapalesa (kwao Nyakallo Tsolo)*.

’Mapalesa akalisoma jina lake la kwao. Hakuwahi kumsikia mtu wa nyumba hiyo akilitaja jina hilo, wala hakujua kama mama mkwe analikumbuka. Ili asilie akaleta mzaha: "Mama, kwa mpangilio wa herufi mimi ninatakiwa juu yako."

"Thubutu! Unitangulie nami ningali hai? Kaa hapo chini." Kalamu ikasita hewani. "Sasa niandike kurasa gani?"

Hakungoja jibu. Akaandika: *zote*.

Nje, jirani aliita kutoka kwenye ua. Maharage yamekauka, jamani, hakuna mtu huko ndani wa kumsaidia kuchambua?

Bi ’Mathabang akafunika kalamu, akajitanda blanketi lake, akaenda mlangoni.

"Mkwe wangu yuko kazini," akasema. "Nakuja mimi."