Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Asubuhi za Mushaki, ukungu huingia darasani kabla ya wanafunzi. Hupita chini ya mlango wa chumba kilicho nyuma ya kanisa, hukaa juu ya mabenchi, na mtu akifika huwa kama anauomba nafasi. Ndani ya ukungu huo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza sauti ya programu ya masomo: mwanamke asiyeonekana, akitaja vitu kwa Kiingereza, polepole, kama anayeongea usingizini. Maji. Mlango. Mkate. Nilisimama na tablete mkononi, nikahisi kwamba vitu hivyo vinaumbwa upya mahali fulani ng'ambo ya kilima.

Nafundisha watu wazima kusoma, na pamoja na kusoma, Kiingereza kidogo. Sikusomea ualimu. Kiingereza nilikiokota redioni nikipalilia viazi, kisha nikakinyoosha kwa kamusi iliyokosa jalada. Wanaokuja kwangu wana sababu zao, hasa watoto wao walioolewa au waliohamia Kampala. Shirika moja lilituletea tablete mbili, kila moja na programu yake, likasema tuchague. Wakirudi wangeleta nyingine za kutosha darasa zima, zote zikiwa na programu tutakayoitaja, na baada ya hapo hakuna kubadilisha.

Nilizijaribu kwa utaratibu. Kwanza, je, inafanya kazi bila rezo, yaani mtandao wa simu? Maana rezo yetu hukaa kwenye mteremko mmoja tu, karibu na kisima. Zote mbili zilifanya. Pili, je, asiyejua kusoma anaweza kujiongoza? Hapo nilijifunza kuigeuza tablete juu chini, herufi zikawa vijidudu nisivyovijua, nikafuata picha peke yake. Nilikaa hivyo mchana mzima, mgeni wa maandishi kama nilivyokuwa utotoni, na sikutaka sana kurudi kwenye herufi.

Programu ya kwanza ilinishika mkono. Ilikuwa na muziki, rangi, na ile sauti. Kila somo lilifungwa kwa kufuli ndogo ya njano. Ukimaliza moja, la pili linafunguka kwa mlio kama wa tone la maji. Ya pili ilikuwa ya kijivu na kimya. Karibu haikuwa na masomo. Ilikuwa na nafasi tupu ambazo mwalimu anajaza kwa picha zake na sauti yake. Niliiona kama nyumba isiyo na paa. Moyoni nilikuwa nimeshachagua ile ya kwanza.

Lakini nilitaka kuwaona wanafunzi wakiitumia, na wa kwanza kuishika alikuwa Mama mmoja wa Burungu, wa familia ya wafugaji, aliyehamia kwetu na anayeuza maziwa kando ya barabara. Binti yake yuko Kampala, ng'ambo ya mpaka. Mjukuu wake hupiga simu Jumapili baada ya misa, na mtoto huyo anajua Kiingereza tu. Mama alikuwa amenieleza siku aliyojiandikisha: "Mwalimu, ananiita, mi nabaki kusema ee, ee, kama muntu iko nagonjwa. Nataka nimujibu mbele ya achoke kuniita."

Somo la jamaa, lenye bibi na mjukuu na namna ya kuongea kwenye simu, lilikuwa la tano. Mama alipita la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alikwama. Kioo kilionyesha ng'ombe kwenye majani, na sauti ikamwomba amguse kila mmoja kwa kidole huku akihesabu. Mama aliitazama picha, akaweka mikono mapajani. Sauti ikaomba tena. Muda ukaisha, programu ikamrudisha mwanzo wa somo. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Nikadhani namba zinamsumbua. Nikaleta maharagwe, nikayamwaga kwenye benchi. Aliyahesabu kwa Kiingereza mpaka yakaisha, bila kosa, huku akinicheka. Nikamrudishia tablete. Akaifunika kwa kitenge chake, kama mtu anayemfunika mtoto jua lisimpige.

"Mama, umezijua namba. Sasa shida iko nini?"

"Shida haiko namba, Mwalimu."

Nyuma yake alikaa baba mmoja wa kijiji cha Kingi, mkulima kama sisi, mtu asiyeweza kuacha neno lipite. "Mwalimu, weye muntu ya viazi! Unaomba Mama ahesabu ngombe na kidole? Ao unataka zikufe zote, akuje kulima na sisi?"

Darasa likacheka, na Mama naye. Nilikuwa nimekua nikiwaona wafugaji wakirudi jioni, na kweli sijapata kumsikia mmoja akitaja idadi ya ng'ombe wake, wala kumwona akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Hutazama tu kundi lote, kwa namna ya kutazama ziwa, na hujua kama kuna aliyepungua. Sikuwahi kufikiri kwamba desturi hiyo ingeweza kupenya mpaka ndani ya kioo.

"Lakini hizi ni picha tu, Mama."

"Na ile ya Bikira kule ku ukuta, haiko picha? Enda uiguze na kidole mu jicho, mi nitakuangalia."

Sikwenda. Nikasema basi nitagusa mimi, kufuli ifunguke.

"Weye utahesabu," alisema taratibu, "lakini zenye zitakufa njo ngombe zangu."

Nilitafuta njia ya kuruka somo la nne. Haikuwepo. Nyuma ya ng'ombe wale waliochorwa, wasiotikisa hata mkia, alikaa mjukuu wake, na programu haikuwa na mlango mwingine. Jioni hiyo nilikaa peke yangu nikaisikiliza tena ile sauti ya mwanamke. Maji. Mlango. Mkate. Ilikuwa nzuri vilevile. Lakini nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumuuliza kitu.

Watu wa shirika waliporudi niliwatajia ya kijivu. Walinitazama kwa mshangao, wakauliza kama nina hakika, maana kazi ya kujaza itakuwa yetu. Nikawaambia ndiyo.

Tukajaza. Tulipiga picha viazi, jembe, mlango wa chumba chetu, bido, yale madumu ya maziwa, zilizopangwa kando ya barabara. Namba tulizifundisha kwa viazi. Kwa ng'ombe, Mama mwenyewe alichagua picha: malisho ukungu ukiwa unainuka, migongo inatokea na kupotea, huwezi kusema wako wangapi hata ukitaka. Sauti ya Kiingereza ilikuwa yangu, nzito, ya redio ya zamani. Tulianza na somo la simu. Kwa siku nyingi niliisikia sauti yangu ikitoka kwenye mabenchi, ikiwafundisha watu mimi nikiwa nimenyamaza, na Mama akiijibu bila haraka, macho ameyafumba.

Jumapili moja alinipeleka kwenye mteremko wa rezo. "Usikilize tu. Usiseme kitu." Simu ikalia, akaweka sauti ya nje. Mtoto akasalimia. Mama akamjibu kwa Kiingereza, akasema yeye ni bibi yake, akamuuliza kama amekula. Tukasikia mtoto akimkimbilia mama yake kwa kelele za furaha. Akarudi akihema, akauliza: bibi ana ng'ombe wangapi?

Nilitazama chini. Mama alitazama malisho ng'ambo, ambako ukungu ulikuwa bado umelala.

"Njoo uone," alimwambia, kwa Kiingereza.

Mtoto akauliza lini.

Hilo Mama hakulielewa. Masomo ya siku na miezi tulikuwa hatujayajaza. Akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza lini. Nimujibu?"

"Hapana. Nifundishe mi."

Barabara ya kutoka Kampala ilikuwa imefungwa tena tangu juma lililopita, magari hayapiti. Nikainama sikioni kwake, nikampa maneno ya Kiingereza kipande kimoja kimoja, na yeye akayapitisha kwenye simu kwa uangalifu, kama anayemimina maziwa kwenye chupa: barabara, ikiwa, nzuri.