Gitaa la Mkono wa Kushoto

"Gitaa likinishinda mimi, lichanjeni kuni mchemshie chai!"

Mama Gundi, fundi wa magitaa, aliyasema hayo kwenye harusi ya binamu yake, maikrofoni mkononi, ukumbi mzima ukisikia. Kabla vigelegele havijaisha, kaka yake akamnyang'anya maikrofoni.

"Mpigieni makofi dada yangu, fundi wa kubandika! Ila kupiga atuachie wenyewe. Huo mkono wake wa kushoto ni wa kufukuzia nzi."

Watu wakacheka mpaka wakaegemeana. Mama Gundi naye akacheka, kicheko cha meno tu; moyoni alikuwa anatafuna kokoto.

Baba yao alikuwa mashoto kama yeye, na gitaa lake alilichongesha la kushoto. Alimwahidi binti yake kwamba atamwachia yeye. Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka akalibeba, akageuza nyuzi zifuate mkono wake wa kulia, akaanza kujiita Asali. Mama Gundi alijua litakalofuata. Gitaa la kushoto hupangwa vijiti vyake vya ndani kwa upande huo. Ukiligeuza, nyuzi nene zinavuta pasipo na mhimili. Angemwonya, lakini nani ampigie mbuzi gitaa? Akakaa kwenye karakana yake miaka sita, akachemsha gundi, akangoja.

Wiki moja baada ya harusi ile, Asali akaja amelikumbatia gitaa kama mgonjwa, tumbo limevimba, kibao cha kushikia nyuzi kimeng'oka.

"Dada, Jumamosi nina onyesho. Lirudishe kama alivyoliacha marehemu baba."

"Kama alivyoliacha?"

"Hivyohivyo! Au limekushinda, nikachemshe chai?"

Wateja wawili kwenye benchi wakaguna. Mashahidi hao.

"Halijanishinda, kaka. Nimekusikia."

Akalilainisha tumbo kwa mvuke, akalibana siku nne mpaka likanyooka. Akachonga mfupa mpya wa shingoni, mifereji ya nyuzi nene ikarudi upande wa baba. Kila akipitisha msasa alinong'ona: "Hii ya nzi. Hii ya kubandika."

Jumamosi mchana akalipeleka mwenyewe, limefungwa kwenye mfuko, onyesho likikaribia kuanza. Asali, mtu wa mbwembwe, akalifungulia jukwaani. Akapiga. Ikatoka sauti ya sufuria zinazoporomoka. Akarudia, sufuria na vifuniko vyake.

"Umelifanya nini gitaa langu?" akafoka, maikrofoni iko wazi.

Mama Gundi alikuwa kiti cha mbele. "Nimelirudisha kama alivyoliacha baba. Alikuwa mashoto, kaka. Umesahau?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Basi chukua gogo lako!"

Mama Gundi akapanda, akalichukua. Kwa mkono wa kushoto akafukuza nzi ambaye hakuwepo, kisha akapiga wimbo wa baba yao toka mwanzo hadi mwisho.

Jumatatu Asali akaja karakana, shingo upande.

"Dada, yaishe. Nirudishie, unigeuzie tena nyuzi. Ni kiasi gani?"

Mama Gundi akamwonyesha ubao wa bei ukutani, mstari wa mwisho, chaki bado mpya.

Kugeuza gitaa la kushoto: milioni nane.