Maganda ya Kamba Mtoni

Harufu ya kamba wabichi wa dukani, wale wa kugandishwa, wakianza kuyeyuka barafu, hunirudisha Sydney ya mwaka ule wa barakoa, nikiwa na miaka kumi na miwili na ndoo mkononi. Karantini ilikuwa imelegezwa kidogo. Mama, aliyehudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, alinunua kamba mtaani St Marys, tukawamenya ukingoni mwa mto ili tuwachome. Mama alizaliwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kabla ya kukimbilia kambini Tanzania, na kwao cha maji hurudi majini. Ukitupa maganda jaani, maji hununa. Akanituma niyamwage mtoni. Niliyamwaga kwa heshima zote, hata nikayaaga.

Mara akatokea ofisa wa uvuvi, mwanamke mpole, nami nikageuka mkalimani. Alisema kamba hao wa nchi za mbali huweza kubeba virusi visivyomdhuru mtu hata akiwala, lakini vikiingia mtoni huua kamba wa humo.

"Mwambie hawa wamekufa zamani," mama alisema. "Maiti ataambukizaje?"

"She says they're already dead."

"Still carry it, darl. Bin them next time."

Tukaachiwa kwa onyo: hata wakifa bado huvibeba, siku nyingine maganda yaende jaani. Nilikuwa nimefundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja mwenyeji akafa sikuwa nimefundishwa.

Wiki ileile mama alipimwa kazini, akakutwa na korona. Hakukohoa hata mara moja. Alijifungia chumbani akimlilia bibi mmoja wa kule kazini, ambaye mama ndiye aliyemlisha uji kila asubuhi, na ambaye naye alikuwa ameanza homa. Nilikaa nje ya mlango. Niliogopa kwamba mto umelipiza, na mkono uliomwaga ulikuwa wangu.

"Mama, ni mimi?" niliuliza.

"Sijui, mwanangu. Nami najiuliza hilohilo juu ya bibi yule."

Bibi yule alifariki. Nani alimwambukiza, hatukuambiwa. Na kamba wa mto ule sijasikia habari zao hadi leo. Sasa nasoma chuo na virusi naweza kuvieleza bila kigugumizi. Maganda tunayafunga mifuko miwili, tunayatia kwenye pipa la taka, mama akinung'unika. Lakini tukifika mtoni mama huinama, akalowesha vidole, akayaomba maji radhi. Nami, msomi wake, huinama kando yake.